Majani ya Makaburi Juu ya Mfuniko wa Maji

Jani gani lifiche nguzo ya umeme, na jani gani lifiche bomba la choo, minye najua kuliko muntu yeyote kati ya hapa Uvira na Kamanyola. Nasema bila haya. Shule niliacha mwaka wa tatu, kwa hiyo atakayeona makosa ya kalamu avumilie, lakini kwa kazi ya uwanja wa mbele wa nyumba sijapata wa kunisahihisha. Walionifundisha waliondoka, na hao ndio wa kwanza katika watu nitakaowashitaki hapa. Majina sitaandika, sababu watoto wa wengine tunasalimiana sokoni. Lakini kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake na kwa mlango wake, na mwenye umri wangu atamtambua.

Nilishuka kutoka Rurambo, mlimani kwetu, nikiwa kijana mwenye kujua ng'ombe tu. Nilipata kazi ya kukata majani kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa ananunua pamba ya bonde la Ruzizi. Nyumba yake ilikuwa pembeni mwa mtaa wa Rugenge, upande wa kushukia ziwani, nyumba nzuri yenye baraza pana. Bwana mwenyewe alikuwa muntu wa kimya. Aliyetawala pale ni mke wake, madamu, na madamu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakutaka kuona chuma. Akisimama barazani asubuhi na kikombe chake, jicho likikutana na chuma, siku nzima imeharibika, yake na yetu.

Na mbele ya nyumba ile chuma kilikuwa kingi. Kulikuwa na sanduku la umeme ukutani, kushoto mwa mlango. Kulikuwa na nguzo karibu na geti. Kulikuwa na bomba refu la fosi, lile la kutolea hewa ya choo, ambalo aliyejenga alilisimamisha mbele badala ya nyuma, sababu huko nyuma kulikuwa na mawe na yeye alikuwa mvivu. Na katikati kabisa ya uwanja kulikuwa na shimo la saruji lenye mfuniko wa chuma, mahali maji ya mlimani yanapoingilia.

"Ficha," aliniambia madamu. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu. "Ile, ficha. Na ile. Na ile."

Nikaficha. Bomba la fosi nililipandia marakuja, mmea wa kutambaa, nikauacha ulifunike lote isipokuwa urefu wa mkono mmoja juu, sababu ukiziba mdomo wa bomba lile, harufu inarudi ndani ya nyumba, na hapo hata ua la peponi halikusaidii. Nguzo niliifungia bugenvilia, lakini kila mwezi niliikata isipite mabega ya muntu mrefu. Majani yakigusa waya, mvua ikinyesha, umeshaua muntu. Karibu na njia ya maji sikupanda mti wowote wenye mizizi ya nguvu, hata madamu aliponiletea mche wa mvumu na kuniamuru. Niliuchoma maji ya moto usiendelee, nikamwambia udongo umeukataa. Mvumu unapasua bomba kama muntu anavyopasua muwa.

Kwa sanduku la umeme nilifanya kitu ambacho hata leo wanakiiga bila kujua kimetoka kwa nani. Nilisuka ukuta mdogo wa matete, nikauweka mbali na sanduku kadiri ya kiganja, majani yakapanda juu yake, na ukuta wenyewe niliutundika kwa nyaya mbili ufunguke. Yule wa kusoma hesabu za umeme alikuwa anafika, anafungua majani kama kabati, anacheka peke yake.

Mfuniko wa maji ndio ulionishinda. Saruji ile ilikuwa inapata jua kutwa, wakati wa kiangazi ukiikanyaga pekupeku unaruka. Nilijaribu maua ya aina tatu, yote yalikauka mizizi. Madamu alianza kunitazama kwa yale macho ya kutafuta jardinié, mtunza maua, mwingine. Basi nikapanda mlimani kwetu, nikarudi na lile jani refu jembamba, lenye shina la pingili, ambalo ukilikata na kulitupa njiani linaota njiani. Kwetu tunalipanda sehemu mbili: kwenye mpaka wa mashamba, na kwenye kaburi. Halikauki, ndiyo sababu. Mpaka usipotee, na marehemu asipotee.

Nilijua, sisemi sikujua. Nilisema moyoni, hawa ni wazungu, haitawadhuru. Nikalipanda kwa duara kuzunguka mfuniko, na juu yake nikayalaza mengine. Madamu akapiga makofi. Halafu akaongeza la kwake: akataka mawe ya mviringo pembeni, yapakwe chokaa nyeupe. Nikayapanga, nikayapaka. Siku ile mpishi alitoka jikoni, akasimama, akashika kiuno.

"Weye, umemzika nani hapa?"

"Madamu," nikamwambia. "Bado anatembea, lakini mahali pake iko tayari."

Alicheka mpaka akarudi jikoni anajifuta macho kwa apron. Mpishi yule alikuwa wa bondeni, muntu wa Kirundi, Mkatoliki wa kweli. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu pale.

Halafu uhuru ukafika. Wazungu wakaanza kuondoka, wengine kwa siku moja. Bwana wa pamba na madamu wake walipakia kamyoneti, gari lao dogo la mizigo, asubuhi, mchana hawakuwepo, wakavuka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo. Mpishi akapanda nyuma pamoja na vyombo. Hakuaga kwao, nafasi ya kuaga haikuwepo. Mimi niliachiwa ufunguo wa geti na maneno kwamba watarudi. Nikabaki kwenye kanyumba ka nyuma. Nikaendelea kukata, kufunga na kunyunyizia maji kwa tiyo, ule mpira wa maji, nyumba tupu mbele yangu, sababu kazi ya majani ukiiacha mwezi mmoja imekucheka.

Ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani uliotazama geti letu, alikaa fundi wa nguo mwenye mashine ya kukanyaga. Huyu naye ni mshitakiwa wangu. Aliitaka ile nyumba. Alikuwa anavuka anakuja kupima madirisha kwa kamba yake ya kupimia watu, eti anaangalia tu. Nilimfukuza mara mbili. Ya tatu aliniambia, "Muzee wa maua, unalinda nini? Mali au maiti?" Nilidhani ni utani.

Chini kidogo ya geti kulikuwa na robine, bomba la kuchotea maji, ya watu wote. Maji yake yalikuwa uzi tu. Wanawake wa Rugenge walikaa kwenye mstari na ndoo zao mpaka jua linakuwa kali, wakigombana, wakisukana nywele, wakilaumu mlima, wakilaumu serikali. Minye niliwasalimu nikipita. Maji yangu nilikuwa nayo.

Mwaka wa nne baada ya uhuru, vijana wa uasi walipoingia mjini, waliichagua nyumba ile. Komanda wao akakaa barazani kwenye kiti cha madamu, na baada ya siku chache wakatangaza: mwenye shauri la zamani juu ya wazungu au watu wa wazungu, alete. Watu walileta mashauri ya kila namna. Wengine walipelekwa ziwani na hawakurudi, tulijua maana ya kupelekwa ziwani. Siku ya tano akaja mama mmoja wa bondeni, rozari shingoni, pamoja na mtoto wake mkubwa. Walikuwa mama na kaka wa mpishi, wanamtafuta. Tangu uhuru hawakupata neno lake. Walipouliza barabarani, fundi wa nguo aliwavusha mwenyewe, akawasimamisha mbele ya majani yangu, akawaonyesha kwa kidole.

Nilikuwa juu ya ngazi, nakata bugenvilia. Vijana waliniteremsha kwa kunivuta miguu.

"Weye ndiye muntu wa maua?" Komanda aliniuliza. Alikuwa mdogo kuliko mimi.

"Ndimi."

"Mpishi iko wapi?"

"Alienda Usumbura na bwana wake, Komanda. Alipanda nyuma ya kamyoneti, nilimuona."

"Kila muntu tunayemtafuta alienda Usumbura," akasema. "Huko wanalala wamesimama sasa."

Watu wakacheka. Uwanja ulikuwa umejaa, na wale wa mstari wa robine walikuwa wameacha ndoo zao wakaja kuangalia. Kaka wa mpishi hakucheka. Alichuchumaa, akashika jani moja, akalinusa.

"Yaya, kaka yangu, weye ni wa wapi?" akaniuliza kwa upole.

"Rurambo."

"Kwenu jani hili mnapanda wapi?"

"Mpakani."

"Na wapi tena?"

Kijana mmoja akanigusa mgongo na kitako cha bunduki.

"Kaburini," nikasema.

"Basi hapa ni mpaka wa nini na nini?"

Fundi wa nguo akaingilia, sauti yake laini kama anampima bibi harusi. "Komanda, miaka minne namuona ananyunyizia maji. Jani lisilokauka, unalinyunyizia maji ya nini? Ni roho inamsumbua huyu."

Hapo nilijua ninakufa. Siandiki hivyo ili kupamba. Nilimtazama Komanda, nikaona amechoka, na muntu aliyechoka anapeleka watu ziwani ili apate kula. Lakini chini ya majani yale mimi nilijua kuna nini, na kujua kunampa muntu sauti.

"Leteni jembe," nikasema. "Nichimbe mwenyewe."

Mama wa mpishi akalia kwamba wasimchimbe mwanawe kama muhogo. Alitaka padri asome sala kwanza. Padri alikuwa amekimbia. Basi alipiga magoti pembeni ya mawe ya chokaa, akaanza rozari yake, na mimi nikaanza kung'oa. Niling'oa moja moja, na udongo wake kwenye mizizi, nikayapanga kivulini mwa ukuta. Mkono haujui kufanya vingine.

"Mwangalieni," kijana mmoja akasema, "atakufa leo na bado anabembeleza majani."

"Kesho angeyaoa," mwingine akajibu.

Mfuniko ulipoonekana, watu wakasukumana kuona. Niliushika masikio yake mawili, nikauinua, nikaulaza. Chura akaruka kutoka ndani, akapita katikati ya miguu ya fundi wa nguo, naye akaruka zaidi ya chura. Ndani kulikuwa na mabomba, ile saa ya kioo inayohesabu maji, na magurudumu mawili ya kufungia, kubwa na dogo. Hakuna zaidi. Mama yule aliinama akatazama kwa muda mrefu, kama anaangalia kama kuna kingine chini yake.

"Iko maji tu?"

"Iko maji tu, mama."

Akakaa chini palepale, miguu mbele, kama mtoto. Komanda akamtazama fundi wa nguo, na fundi wa nguo akaanza kutazama mlango wake wa kijani.

Ningenyamaza hapo, ningeenda nyumbani mzima. Lakini nilikuwa nimeshinda, na muntu aliyeshinda anapenda kuulizwa. Mwanamke mmoja wa mstari wa robine, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, mwenye beseni kichwani, alisogea akachungulia.

"Papa wa maua, na lile gurudumu dogo ni la nini?"

"Lile ni la njia ya kwenda robine yenu," nikamjibu kama mwalimu. "Hili kubwa ndilo la nyumba."

"Na liko wazi?"

"Liko nusu. Bwana alisema liachwe nusu, bila hivyo tiyo ya maua haina nguvu."

Nilisikia maneno yakitoka. Nilikuwa nimeyajua miaka yote, na sikuwahi kuyasikia. Yule mama aliteremsha beseni taratibu, akaliweka chini.

"Nusu," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu wakati wa madamu."

"Mwanangu wa mwisho nilimzaa kwenye ule mstari," akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa anawaambia wenzake, na wenzake walikuwa wanaijua habari hiyo, maana walikuwepo.

Beseni lake ndilo lililonipiga kwanza. Sikio la kushoto halijasikia kitu tangu siku ile, na meno mawili niliyaacha kwenye chokaa ya madamu. Wanawake walinipiga kwa kila walichoshika, na vijana wenye bunduki wakasimama kando, sababu hata wao waliona shauri lile si lao. Waliponiachia, Komanda alikuwa amesimama.

"Huyu ni mzungu kuliko wazungu," akasema. "Wao walikwenda na bado anawafichia maji. Ziwani."

Wawili wakanishika mikono. Ndipo mama wa mpishi akanyanyuka, akaja akasimama kati yangu na geti, mfupi, vumbi magotini.

"Huyu hapana," akasema.

"Mama, toka," mtoto wake akamwambia. "Huyu ni muongo."

"Ametudanganya nini? Alisema chini iko maji, na chini iko maji. Basi na ya Usumbura ni kweli." Akamgeukia Komanda. "Mkimuua huyu, nani mwingine aliyemuona mwanangu mzima? Nitamuuliza nani?"

"Na maji ya hawa mama?" Komanda akauliza. "Hayo hakudanganya?"

"Hayo hakudanganya," akasema. "Hakuulizwa."

Nimepigwa na wengi siku ile, lakini ni lile neno ninalolibeba. Alilisema kunitetea.

Komanda alinitazama, akamtazama yeye, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Sharti lake likawa moja: nifungue gurudumu. Kijana mmoja alishajaribu, likakataa, kutu ilikuwa imelishika. Nikashuka shimoni damu ikidondoka kwenye mabomba. Gurudumu lililoshikwa na kutu haulisukumi kule unakotaka. Unalirudisha kwanza kidogo nyuma, halafu mbele, halafu nyuma, kama kumtoa ng'ombe topeni. Likazunguka. Robine ilikuwa imeachwa wazi, na kule chini barabarani maji yakapiga ndoo iliyokuwa chini yake, ikaanguka. Wanawake walinipita wakikimbia.

Sasa nashitaki. Wa kwanza ni bwana wa pamba, aliyegawa maji ya mlima, maua kwanza na watu nyuma. Wa pili ni madamu, aliyechukia chuma na hakuchukia uzi wa maji aliouona kila siku kutoka barazani. Fundi wa maji wa wakati ule, Mkongo mwenzetu, aliyekaa karibu na soko, ndiye aliyefunga lile gurudumu kwa mkono wake, na yeye alijua vizuri linakwenda wapi. Fundi wa nguo wa mlango wa kijani alitaka nife ili apate nyumba. Hakuipata. Aliishi akazeeka, akafa kitandani pake, na watu wakamlilia. Mimi nilisimama mbali, sikulia, na sijutii.

Na mimi pia niwekwe kati ya washitakiwa. Niliamriwa kuficha chuma, na kazi yangu ilikuwa nzuri hata nikajifichia mwenyewe. Kwa miaka mingi baadaye, nilipokwenda robine, hakuna aliyeniambia kitu, lakini ndoo yangu ilijazwa mwisho, na wote tuliona ni sawa. Kazi yangu sikuiacha. Nikificha mfuniko wa maji leo, nauliza kwanza kila gurudumu linakwenda wapi, na mwenye nyumba asiponijibu, sipandi.

Siku ile, wanawake walipokwisha kwenda kwa maji, mama wa mpishi aliniomba nimpeleke mpaka getini. Mtoto wake alitangulia barabarani, hakutaka kutusikia. Mama akaniuliza kamyoneti ilisimama wapi. Nikamwonyesha. Akaniuliza mwanawe alikaa upande gani.

"Huu wa ziwa," nikasema. Ilibidi asimame upande wa sikio langu zima. "Aligeuka nyuma, anatazama nyumba."

"Alikuwa analia?"

"Hapana, mama. Alikuwa ameshika sahani zisivunjike. Gari ilikuwa inaruka."

"Alikuwa amevaa viatu?"

Viatu vya mpishi nilivikumbuka vizuri, vilikuwa vya turubai, madamu alimpa. "Alivaa," nikamwambia.

"Vya nani?"

"Vyake."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudia neno hilo kwa Kirundi, mara mbili. Halafu akaniambia nianze tena, tangu kamyoneti ilipowashwa, na nisiruke kitu. Nikaanza tena.